Corolla 110 inayolia kwenye kona na kwenye breki: shajara ya matengenezo, Mikindani

Gari ni Toyota Corolla 110 ya petroli: breki za diski mbele, za ngoma nyuma, usukani wa haidroliki. Siku za kazi inanitoa Mikindani kunipeleka shuleni Mtwara mjini, na mara moja au mbili kwa mwezi inapanda Tandahimba kumwona mama. Mwaka 2024 lami ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara. Kuanzia hapo barabara ilikuwa inajengwa, na sisi tulikuwa tunapita michepuko: mashimo, vumbi jekundu, na mvua ikinyesha, tope. Naandika kila hatua kwa sababu gari za aina hii zimejaa huku kusini, na sauti zinazolia kwangu nimezisikia kwenye gari za wengi. Bei zote ni shilingi nilizotoa mimi mwenyewe.

Jumamosi, 6 Aprili 2024. Sauti nne kwenye daftari

Juzi nilikuwa nikimleta mama hospitali. Tulipokata kona ya kuingia nyumbani akasema, "Mwanangu, gari hii inalia kama kitanda cha kamba." Kwa wiki tatu nilikuwa nimeiacha tu hivyo. Neno lake lilinikalia, na leo asubuhi nimeamua kuzitenga sauti moja moja.

Mikindani tuna vichochoro vyenye kuta za mawe za zamani pande zote mbili. Ukipita humo taratibu, redio imezimwa na vioo viko chini, ukuta unakurudishia sauti ya gurudumu la upande ule. Kwenye barabara ya wazi sauti hiyo inapotelea hewani. Nimepita mara nne kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara ukuta ukiwa kushoto, mara kulia. Karibu kila kitu kinalia kushoto mbele.

Ya kwanza ni kwiii nyembamba nikigusa breki kidogo. Nikikanyaga kwa nguvu inakatika. Ya pili ni ngo! moja nzito pale breki inaposhika, kisha kimya. Nikirudi rivasi na kukanyaga, ngo! nyingine. Ya tatu ni ka-ka-ka nikikata kona kali ya kulia kwa mwendo mdogo, hasa nikitoka getini. Ya nne ni krrr, usukani unapoanza tu kuzunguka, na hiyo ndiyo kitanda cha mama.

Mbele ya kila sauti nimeandika mambo matatu: gari inatembea au imesimama, breki imekanyagwa au haijakanyagwa, usukani umekatwa upande gani. Atakayefuata kazi hii aanze na ukurasa huo, na aende nao gereji. Mimi niliuacha nyumbani.

Jumamosi, 13 Aprili. Linki za stabilaiza

Idi imepita, gereji zimefunguliwa. Fundi alilala chini ya gari, akashika linki ya stabilaiza, akaitikisa. "Mwalimu, hizi zimekwisha. Ngo yako ndiyo hii." Kweli zilikuwa na mchezo kidogo. Linki mbili 36,000, ufundi 10,000.

Nikaondoka. Taa za kwanza nilizosimama, ngo! ile ile.

Usiku nikafungua daftari. Linki hugonga tairi moja likipanda tuta au likizama shimoni huku jingine limebaki, kwa sababu kazi yake ni kuunganisha pande mbili za gari. Sauti yangu ya pili nilikuwa nimeiandika hivi: "barabara tambarare, breki tu, mbele na rivasi." Jibu lilikuwa ndani ya sentensi hiyo. Breki inapovuta gurudumu kurudi nyuma, na rivasi inapolisukuma mbele, kinachogonga ni kitu kinachotakiwa kulizuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma. Linki haifanyi kazi hiyo. Elfu 46 imekwenda.

Jumamosi, 20 Aprili. Sivijointi

Hapa nilikosea kwa gharama kubwa zaidi, na nilikosea pamoja na watu wengi. Ukimwambia mtu yeyote Mtwara kwamba gari inalia ka-ka-ka kwenye kona, atakujibu sivijointi kabla hujamaliza kusema. Muuza spea alisema hivyo, fundi akasema hivyo, dereva wa teksi aliyekuwa amekaa kwenye benchi naye akasema hivyo.

Wana sababu. Sivijointi ni kiungo kinachojipinda kwenye shafti inayozungusha gurudumu. Ya nje ikilika, vigololi vyake huchimba njia vinamopita, na gari ikikata kona huku injini inavuta, vinagonga kila gurudumu likizunguka. Mara nyingi inayolia ni ya gurudumu lililo nje ya kona. Kona yangu ni ya kulia, basi ni ya kushoto. Ikanunuliwa: sivijointi 70,000, buti (raba inayoifunika) na grisi 12,000, ufundi 20,000.

Kuifungua ni kazi ya saa mbili: nati ya kati, boljointi, shafti inachomolewa, ya zamani inapigwa nyundo inatoka, mpya inaingia. Ya zamani niliiosha kwa petroli nikaitazama juani. Buti lake lilikuwa zima. Grisi ilikuwa nyeusi na laini, haina hata chembe ya mchanga. Vigololi vinang'aa, na nilipopitisha ukucha kwenye njia zake haukukwama popote. Nilikuwa nimeshika mkononi ushahidi kwamba kitu hiki ni kizima, na bado nikamwambia fundi afunge mpya, kwa kuwa nilishailipia.

Jioni nikatoka getini kwangu, kulia, ka-ka-ka.

Sivijointi ya zamani nimeifunga kwenye nailoni pamoja na grisi yake. Siku moja itatumika.

Jumapili, 28 Aprili. Ya tatu na ya nne ni sauti moja

Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Muungano, nikaenda sokoni Mtwara kununua samaki. Nikaegesha, na niliporudi nilikuta bajaji mbele na pikapu nyuma. Ili nitoke ikabidi nizungushe usukani gari ikiwa imesimama. Ka-ka-ka. Nikauzungusha kurudi. Ka-ka-ka. Tairi halijasogea hata inchi moja.

Nilikaa pale na samaki wangu nikifikiri. Sivijointi hulia gurudumu likizunguka na injini ikivuta. Hapa hakuna kinachozunguka wala kinachovuta. Kwa hiyo kinacholia ni kitu kinachojipinda usukani unapopinda, na kama ni hivyo, krrr na ka-ka-ka zaweza kuwa mwanzo na mwisho wa sauti moja.

Leo tumejaribu nyumbani. Mawe mbele na nyuma ya matairi, hendibreki juu, gia huru, injini inawaka, mke wangu kwenye usukani. Mimi nimechuchumaa pembeni, nimepitisha mkono nyuma ya tairi na kuweka kiganja kwenye ubavu wa springi ya shokapu. Kiganja kikae nje, kimelala. Vidole visiingie kabisa kati ya mapindo ya springi, na mkono uwe mbali na feni na mikanda.

Upande wa kulia, usukani ukizunguka, springi inazunguka nao taratibu, laini. Upande wa kushoto springi imesita. Nilihisi inakaza chini ya kiganja kama kamba inayosokotwa, halafu ikaruka. Tang. Mshtuko ulinifika kwenye kiwiko. Ikakaza tena, ikaruka tena. Mke wangu akasema kutoka ndani, "Hiyo kubwa, nimeisikia mpaka miguuni."

Masikio yangu mawili yalikuwa yamesema sauti inatoka chini, kwenye gurudumu. Mkono umesema inatoka juu. Shokapu ya mbele ya gari hizi huzunguka pamoja na gurudumu usukani unapokatwa, na pale juu inaposhikana na bodi chini ya boneti kuna mauntingi yenye beringi ndani yake. Beringi hiyo ikiingia vumbi na kutu inagoma. Sehemu ya chini ya springi inazunguka, ya juu inabaki, springi inajisokota mpaka inazidiwa na kuachia. Ikiachia mara tatu mfululizo, unasikia ka-ka-ka na unanunua sivijointi.

Jambo moja ili msomaji asitishike: tulipozungusha usukani mpaka ukagota, palikuwa na mngurumo upande wa injini. Hiyo ni pampu ya haidroliki ikizuiliwa, na ni kawaida. Usiushikilie usukani hapo zaidi ya sekunde chache.

Jumanne, 7 Mei. Mzigo umekwama, nimefungua breki

Dukani Mtwara nilipata mauntingi za bei nafuu. Nilipozungusha beringi kwa kidole ilikwaruza, nayo ni mpya. Nikaiacha, nikaagiza jozi kutoka Kariakoo, 90,000, na 7,000 ya basi. Kikaja kimbunga Hidaya. Mvua za mwisho wa wiki zimekata barabara ya Dar kule Kilwa, Somanga, na mzigo wangu uko upande wa pili pamoja na abiria wengi ambao shida yao ni kubwa kuliko yangu.

Nimetumia jioni hizi kushughulikia kwiii. Pedi zilifungwa Januari na bado ni nene, kwa hiyo si kile kibati cha onyo kinachogusa diski pedi zikiisha. Uso wake unang'aa kama kioo. Yale mabati membamba yanayokaa nyuma ya pedi hayapo kabisa. Aliyefunga Januari aliyatupa. Na pini moja ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ya chini, imekauka haitelezi.

Kwiii ni mtetemo. Pedi inatetemeka ikibanwa kati ya pistoni na diski, na bati la nyuma pamoja na grisi yake vipo ili kuunyonya mtetemo huo. Ukikanyaga kwa nguvu pedi inabanwa sana haipati nafasi ya kutetemeka, ndiyo maana sauti ilikuwa inakatika.

Nimejaribu njia ya bei rahisi: kusugua pedi kwa msasa, kusafisha pini, kurudishia.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Mimi nalifuta kwa kitambaa kibichi.

Jumatatu, 13 Mei. Pedi mpya, na hofu ya asubuhi

Msasa ulinipa siku mbili za kimya, kisha kwiii ikarudi. Jumamosi nikanunua pedi nzuri 48,000, mabati na vibanio vyake 10,000, na grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto 8,000. Grisi ya kawaida haifai hapo, inayeyuka na kufika kwenye diski. Nimepaka kidogo kwenye pini, kwenye masikio ya pedi na nyuma ya mabati, basi. Halafu nikaenda barabara isiyo na gari nikakanyaga mara kumi, kutoka 50 mpaka 15, bila kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane. Kwiii imeondoka.

Leo asubuhi, breki ya kwanza, gari ikakwaruza khrrr kama inasaga kokoto. Nikasimama, moyo unanidunda, nikidhani nimefunga kitu vibaya. Nikainama na kutazama diski: imefunikwa na kutu jembamba la rangi ya chungwa. Imelala nje usiku kucha, hewa ya chumvi ya bahari, na mvua juu yake. Breki ya tatu ilishaifuta. Tunaokaa pwani tutaisikia hiyo miaka yote, na haina madhara ikiwa inaondoka baada ya kukanyaga mara chache. Isipoondoka, fungua gurudumu siku hiyo hiyo: huenda pedi imekwisha chuma kwa chuma, au kokoto imekwama kati ya diski na bati la kukinga vumbi.

Jumamosi, 18 Mei. Ngo! imeonekana

Mauntingi zimefika Jumatano, ila fundi mwenye vifaa vya springi yuko safarini Masasi, kwa hiyo leo ni zamu ya ngo.

Nilichora mstari wa chaki kwenye madigadi, sawa na katikati ya gurudumu. Simu nikaiweka chini, juu ya tofali, mita tatu pembeni, inarekodi. Mke wangu akaisogeza gari mbele mita mbili, akakanyaga breki. Kisha rivasi, akakanyaga. Mimi nilisimama mbali, pembeni, si mbele wala nyuma ya gari.

Kwenye video, ukiitazama polepole, gurudumu la kushoto linarudi nyuma karibu upana wa kidole breki inaposhika, na linarudi mbele kwenye rivasi. La kulia halisogei. Kinachotakiwa kulishika hapo ni mkono wa chini, ambao mafundi wanauita loa amu, na bushi yake ya nyuma, yaani kiungo chake cha raba. Nikaingiza nondo na kuibetua: raba ilikuwa imechanika, imeachana na chuma chake. Upande wa mbele ulionekana mzima, na ndiyo maana mwezi wa nne hakuna aliyeiona.

Bushi ni 14,000. Fundi aliitoa ya zamani, akaanza kupigilia mpya kwa nyundo na bomba. Ikaingia pembe, ganda likajikunja, raba ikakatika ukingoni. Ya pili, 14,000 nyingine, niliomba tupeleke mkono wenyewe kwa mwenye presi, mashine ya kukandamiza. Ikaingia kwa dakika moja, 5,000. Ufundi 15,000. Ngo! imekwisha.

Jumamosi, 25 Mei. Bushi ile ile, kosa la pili

Kwa wiki nzima gari imekuwa ikilia nyiku-nyiku kwenye kila tuta, sauti ambayo haikuwepo. Nimekumbuka jinsi tulivyokaza: gari ikiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Bushi ya raba haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba inajipinda mara tu gari ikishuka, na inabaki imejipinda muda wote. Italia, na itachanika mapema.

Nimelegeza bolti zinazopita kwenye bushi, nikashusha gari chini ikae kwa uzito wake kamili, nikaisukumasukuma, ndipo nikakaza tena. Dakika ishirini, bure. Nyiku-nyiku imekatika. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, 25,000, kwa sababu mkono uliguswa.

Jumamosi, 1 Juni. Mauntingi

Hapa nataka nisikilizwe. Springi ya shokapu imebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya la mtu. Kijana wa gereji ya kwanza alitaka kuifunga kwa waya na mnyororo, kisha afungue nati ya kati. Nilikataa na kuchukua gari yangu. Nimemngoja yule wa Masasi kwa sababu ana bolti ndefu mbili zenye kulabu, zinabana springi pande mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Nati ya kati haiguswi mpaka springi ionekane imelegea kabisa kwenye kiti chake. Nati tatu za juu, chini ya boneti, ndizo zinazofunguliwa kwanza. Ya kati iachwe.

Beringi ya kushoto tuliipata imejaa unga mwekundu, vumbi la Tandahimba na kutu vimeshikana kama saruji. Kuizungusha ilibidi nitumie mikono miwili. Ya kulia ilikuwa inazunguka, lakini kwa shida, nayo tumebadili. Ufundi 40,000.

Nikaweka tena kiganja kwenye springi, mke wangu akazungusha usukani. Ilizunguka kama ya kulia ya siku ile. Kimya.

Fedha mpaka leo: linki 46,000, sivijointi 102,000, breki 66,000, bushi 48,000, alaimenti 25,000, mauntingi 137,000. Jumla 424,000. Katika hizo, 162,000 ni linki, sivijointi na bushi iliyovunjwa kwa nyundo.

Jumamosi, 8 Juni. Tandahimba, na sauti iliyokuwa imejificha

Nimempeleka mama kwake. Kona zote, michepuko yote, breki zote, hakuna kilicholia. Mama alisinzia kuanzia Nanyamba.

Ila sasa, kelele nyingine zikiwa zimeondoka, kuna vuuu ya chini kuanzia mwendo wa 60. Njiani nikirudi, kwenye lami iliyonyooka isiyo na gari, nimeyumba kidogo kulia: vuuu ikapanda. Kushoto: ikashuka. Ukiyumba kulia uzito unalalia magurudumu ya kushoto, na beringi ya gurudumu hulia zaidi ikibebeshwa mzigo. Nimefika nyumbani nikainua kushoto mbele kwa jeki, nikaweka stendi chini, gia huru. Kwa mkono mmoja nimelizungusha gurudumu, kiganja cha pili kwenye springi. Mkwaruzo unakuja mpaka kwenye springi, mdogo na wa mfululizo, kama mchanga ndani ya kopo. Kulia hakuna kitu.

Ni beringi ya upande ule ule tuliochomoa shafti tarehe 20 Aprili kwa kuipigapiga nyundo, na sijui kama nati ya kati tuliirudishia kwa nguvu inayotakiwa, kwa sababu tulikaza kwa bomba na makisio. Safari hii nitaazima spana ya kipimo. Beringi nimeagiza, 38,000, basi linaleta Alhamisi.